Hakubahatika Kupata Mtoto

Jumanne ya pili ya mwezi wa Juni, mwaka jana, asubuhi, nilimpoteza dada yangu. Alikuwa mkubwa wangu kwa miaka kumi na miwili. Aliugua kongosho kwa miezi michache, akafia hospitalini hapa Sydney, mkono wake mmoja nimeushika mimi, wa pili ameushika binti. Huyo ni binti tuliyekuwa tukiishi naye nyumba moja katika kitongoji cha Quakers Hill, sisi watatu. Nitaeleza ni binti wa nani, maana haya yote ninayoyaandika ni juu ya hilo.

Kwetu Tanzania, mtu akifa husomwa wasifu wake kanisani kabla ya mahubiri. Aliyehudhuria misiba mitatu anaweza kuusoma macho yamefumbwa. Marehemu alizaliwa mwaka fulani, mtoto wa kwanza katika familia ya watoto kadhaa. Alipata elimu ya msingi katika shule fulani. Alifunga ndoa takatifu. Alianza kusumbuliwa na maradhi. Ameacha fulani na fulani. Mtindo huo tumekuja nao huku, kama tulivyokuja na vitenge na sufuria za pilau.

Tumekuja pia na desturi nyingine, kwamba mfiwa hasumbuliwi. Mfiwa anakaa kwenye mkeka, wenzake wanafanya. Kwa hiyo katibu wa chama chetu, chama cha watu wetu hapa Sydney, hakutuuliza kitu. Alimpigia simu mjomba wetu kule nyumbani, mzee ambaye hajamwona dada tangu aondoke, akachukua maelezo kwake, akaandika ukurasa mzima kwa mwandiko mzuri. Aliona anatutendea wema, na ulikuwa wema kweli. Tukiwa tumekaa benchi la mbele, akasoma kwa sauti ya upole: "Katika ndoa yake, marehemu hakubahatika kupata mtoto."

Binti alikuwa pembeni yangu. Kiswahili anakielewa chote, ila anajibu kwa Kiingereza kama watoto wengi waliokulia hapa. Hakulia. Aliangalia mbele, palipokuwa na jeneza, mpaka ibada ikaisha. Tulipokuwa garini tunarudi nyumbani ndipo akasema, kwa Kiingereza:

"Kwa hiyo mimi nilikuwa nani? Mpangaji?"

Nilikuwa naendesha.

*

Dada aliolewa akakaa miaka saba bila kushika mimba. Mumewe hakuwa mtu mbaya, lakini ndugu wa mume walikuwa wanakuja nyumbani, wanakunywa chai, wanauliza maswali. Katika mwaka wa saba nilipata mimba mimi, nyumbani kwa mama, nikiwa na darasa langu la saba na cherehani ya kujifunzia. Kijana mwenyewe alikwenda machimboni, sikumsikia tena. Mama hakupiga kelele. Alikaa nayo moyoni siku kadhaa, kisha akatuita mimi na dada jikoni, akasema mtoto atakayezaliwa atakuwa wa dada. Hakuna aliyebisha. Nataka kuwa mkweli hapa: hata mimi sikubisha. Nilimpenda dada kuliko mtu yeyote, na nilimwona alivyoshika ukingo wa meza.

Nikajifungua mtoto wa kike. Nikakaa arobaini ndani, kama desturi, nikanyonyesha. Arobaini ilipokwisha dada alikuja na kanga mbili mpya. Moja akambebea mtoto mgongoni. Ya pili mama akanifunga kifuani, akaikaza, ili maziwa yakauke. Wakaondoka. Baadaye mume wa dada alifariki, mambo yakapelekwa mahakamani kwa utaratibu, dada akapata hati ya kumlea kisheria, akaja naye Australia. Mimi nilifuata baada ya miaka mingi, mtoto ameshakaribia kimo changu.

Mama alikuwa ameniwekea sharti moja. "Mtoto hawi na mama wawili," alisema. "Siku utakayomwita mwanangu, hata mara moja, umemnyang'anya dada yako." Msomaji anajua sisi watu wa Kiswahili tunavyolitumia neno hilo. Mtoto wa jirani ni mwanangu, kijana wa kuuza vocha ni mwanangu, na pale ninapofanya kazi, kwenye chumba cha kufulia cha nyumba ya wazee, hata yule msichana wa Kinepali ninayekunja naye mashuka namwita mwanangu, naye anacheka. Wote nawaita hivyo isipokuwa mmoja. Yeye ananiita mama mdogo. Mimi namwita kwa jina lake.

Wala haikuwa siri. Dada alimweleza mwenyewe, mezani, akiwa na miaka kumi na mitatu, nami nimekaa palepale. Alimwambia, huyu ndiye aliyekuzaa, mimi ndiye mama yako. Binti aliniangalia, akamwangalia dada, akasema "Okei," akaomba aongezewe mchuzi. Hatukulizungumza tena. Tuliishi hivyo, na tuliishi vizuri, kwa sababu dada alikuwa katikati.

Alipokufa tukabaki wawili na hakuna wa katikati. Nyumba ni ya kupanga, haina hata korido ya maana. Ukitoka chumbani kwako uko mbele ya mlango wa mwenzako. Binti anasoma uuguzi, mwisho wa wiki anauza kwenye duka la dawa. Akisikia nimeingia jikoni, anatoka. Akila, anakula amesimama, mgongo ameuegemeza kwenye friji. Asubuhi ya baridi tunakwangua barafu kwenye kioo cha gari lilelile moja, kila mtu upande wake, halafu namteremsha stesheni, anasema "Thanks," nami naendelea kazini. Jioni hivyohivyo. Nilifikiria kuhama. Lakini ningehama kwenda wapi, na ningesema nahama kwa nini? Mama mdogo hahami akamwacha mtoto wa marehemu peke yake. Na mtoto wa marehemu naye hahami akamwacha mama mdogo na msiba. Kila mmoja alikuwa amemfungia mwenzake mlango kwa heshima.

*

Mwezi wa Agosti chama kiliamua kutengeneza kitabu. Kilikuwa kitabu kidogo cha historia ya watu wetu hapa: waliofika kwanza ni akina nani, tulianza kuabudu wapi, nani alikufa. Dada alikuwa miongoni mwa wa kwanza, kwa hiyo alitengewa kurasa nne. Katibu akaniomba niziandike mimi. Nilikataa. Nikamwambia elimu yangu ni ya msingi, mimi na kalamu tulishaachana zamani. Akasema mwalimu yupo.

Mwalimu alikuwa mzee wa Kikenya, aliyewahi kufundisha historia sekondari kwao. Watoto wake ni wauguzi hapa, ndio waliomleta apumzike. Kupumzika kukamshinda. Kila Jumamosi mchana alitukusanya Lidcombe, kwenye chumba cha jumuiya, watu sita au saba, na birika la chai.

Nilimpelekea ukurasa wangu wa kwanza. Ulianza: "Marehemu alizaliwa katika familia ya watoto wawili." Akausoma wote, akavua miwani.

"Mama, pole sana kwa msiba," alisema. "Lakini hii uliyoniletea ni fomu ya mochari. Nikibadilisha jina naweza kumsomea mtu yeyote. Hata mimi mwenyewe nitatosha humu."

Watu wakacheka, nami nikacheka, ila karatasi niliigeuza kifudifudi.

Somo lake lilikuwa dogo na lilikuwa gumu. Kila sentensi uiulize: nani aliona? Ukikosa shahidi, sema huna, au uiache. Na maneno ya sifa yote yatoke. "Alikuwa mkarimu" akaipiga mstari. "Mkarimu alifanya nini? Mpe mikono afanye." Kulikuwa na mama mmoja wa Kikongo, mnene, mcheshi, anayeandika habari za kwaya. Yeye aligombana naye kila wiki.

"Mwalimu, miye niliona na macho yangu! Hiyo haienei?"

"Inatosha, mama. Lakini uliona nini? Umeandika 'Mungu alitenda makuu.' Mungu simhoji. Nataka kujua nani alileta spika."

"Spika ilikuwa ya bwana yangu, na ilikuwa mbovu!"

"Haya! Hiyo ndiyo historia. Andika."

Somo lile lilinifaa kwa sababu mimi sijui kupamba. Nilijaribu mara moja kuandika kwamba dada "aliangaza kama nyota" nikaona haya kana kwamba nimevaa nguo ya mtu. Lakini kuandika nilichokiona, hicho nilikiweza. Nikaandika kwamba kwenye buti la gari lake dada aliweka makoti matatu, ya saizi tofauti, kwa sababu watu wetu walikuwa wanashuka uwanja wa ndege mwezi wa Julai, katikati ya baridi ya huku, wamevaa shati la mikono mifupi. Nikaandika alivyojifunza kuendesha gari, mtu mzima, Jumapili baada ya ibada, kwenye mitaa ya viwanda kule Ingleburn siku malori hayapo. Mimi nimekaa nyuma, namwombea, yeye ananiambia nifumbe macho ama nifumbe mdomo, nichague kimoja. Mwalimu alisoma hiyo akapiga meza. "Sasa namwona," alisema. "Sasa huyu ni mtu."

Jumamosi hiyo nilikuwa nimeacha gari nyumbani, nikarudi na treni ili nikae na karatasi zangu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Juni nisikie kifua kimelegea. Halafu nikafika kwenye sentensi ya watoto.

*

Niliandika: "Ameacha mtoto mmoja, wa kike." Ni kweli. Ni kweli kisheria na ni kweli kwa matendo. Nani aliona? Mimi niliona. Nilimwona dada akimsuka, akimpeleka shule, akimwuguza surua, akimfokea kwa sababu ya simu. Kama huyo si mama, basi sijui mama ni nani. Na binti alitaka hivyo. Nilimwuliza kupitia mlango wake, naye akajibu bila kufungua: "Andika kwamba mimi ni mtoto wake. Basi. Nukta."

Lakini mtindo wa mwalimu ulikuwa wa kufuata mtu hatua kwa hatua, na nilipokuwa naufuata, mkono wangu ukaandika pia hivi: "Arobaini ya mtoto ilipokwisha, alikuja na kanga mbili mpya, akambeba." Niliiangalia sentensi hiyo muda mrefu. Nilijua nimefanya nini. Sikumnyang'anya dada kitu. Sikuandika nani alizaa. Nilikuwa nimeacha tu tundu dogo, la ukubwa wa siku arobaini, na ndani yake nimekaa mimi. Yeyote mwenye akili angeniona.

Nitasema nilichotaka, kwa kuwa sina sababu ya kuficha. Nilitaka kuwemo. Sikutaka kuitwa mama, wala sikutaka wanijie na pongezi. Nilitaka katika karatasi moja duniani, hata kwa kutotajwa, ijulikane kwamba siku zile zilikuwepo na kwamba kulikuwa na mtu anamnyonyesha. Mama amekufa. Dada amekufa. Mjomba hakumbuki. Nikifa mimi hakuna aliyeona.

Mwalimu alinipigia simu katikati ya wiki. Nilikuwa kazini, nikatoka nje penye mapipa ya nguo chafu.

"Mama, kurasa zako ni safi kabisa. Kuna kitu kimoja tu. Alikuja kumchukua mtoto baada ya arobaini. Sawa. Hizo siku arobaini mtoto alikuwa na nani?"

Nikasogea mbali na mlango.

"Msomaji atauliza, mama. Mimi nimeuliza. Huwezi kuacha mtoto mchanga hewani. Jaza au toa."

"Nikitoa nitakuwa nimedanganya?"

Alifikiri. Namheshimu kwa kuwa alifikiri. "Kutoa si kudanganya," akasema. "Kila historia imetolewa vitu. Lakini ukijaza, jaza kweli. Nusu nusu sitaki."

*

Jioni ile nilimngoja binti jikoni. Aliingia, akafungua friji, akaniona siendi popote. Nikamwekea karatasi mezani, kidole kwenye sentensi yenyewe. Anasoma Kiswahili polepole, midomo inacheza. Alimaliza, akarudia.

"Hii itoe," alisema kwa Kiingereza.

"Zilikuwepo lakini."

"Najua zilikuwepo, mama mdogo. Sijasema hazikuwepo." Akavuta kiti. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba nimwone amekaa jikoni. "Unajua kitakachotokea? Watasoma hapa. Watakuangalia wewe, wataniangalia mimi. Halafu watasema: 'Ahaa. Kwa hiyo yule masikini kweli hakupata.' Walishalisema kanisani, Mama amelala pale mbele hawezi kujibu. Unataka walipate tena, safari hii na ushahidi?"

Hakuwa amepandisha sauti. Nilitafuta mahali alipokosea, sikupapata. Sentensi ya katibu ilikuwa ya uongo kwa kutojua. Yangu ilikuwa ya kweli, na ingeifanya ya katibu nayo ionekane ya kweli.

"Nikizitoa nizipeleke wapi?" nilimwuliza.

Alinyanyua mabega, si kwa dharau, ila kama mtu aliyeulizwa stesheni asiyoijua. Kisha akasema, kwa Kiswahili chake kilichopinda, "Sijui, mama mdogo. Sorry."

Nikachukua kalamu nikapiga mstari. Iliyobaki ilisomeka: "Alikuja na kanga mpya, akambeba mtoto wake mgongoni." Niliandika kanga moja. Ile ya pili haikuwa na kazi tena humo. Binti alisubiri mpaka nimalize, akaisoma tena, akakunja karatasi kwa uangalifu, akanirudishia. Akala ameketi. Nami nikakaa, kwa kuwa nilishakaa.

Ningependa kuandika kwamba tangu siku ile nyumba ilipanuka. Haikupanuka. Bado ukitoka chumbani uko mbele ya mlango wa mwenzako. Tofauti ni kwamba sasa sitafuti tena mlango. Sharti la mama nililipokea nikiwa msichana, nikidhani ni la muda, mpaka mtoto akue, mpaka dada azeeke, mpaka tufike mahali. Sasa nimeliandika kwa mkono wangu, kwa kufuta, na litapigwa chapa.

Jumamosi iliyopita tulisomeana kurasa zetu za mwisho kabla hazijapelekwa kwa mchapaji. Binti alikuja. Sikumwomba, alisema yuko huru, duka limempangia zamu ya Jumapili. Alikaa nyuma karibu na dirisha. Nilisoma nimesimama. Nilisoma makoti, nikasoma malori ya Ingleburn, watu wakacheka panapochekesha. Nikasoma kanga moja. Nikasoma, "Ameacha mtoto mmoja, wa kike," na watu wakageuka wakamwangalia binti, wengine wakaitikia kwa kichwa, na yeye akainamisha macho kama afanyavyo mtoto wa marehemu. Mwalimu hakuuliza kitu. Aliandika tiki kwenye orodha yake.

Kwenye chai, yule mama wa Kikongo alimshika binti kidevu, akamgeuza upande huu na upande huu, kisha akanigeukia mimi akapiga kofi.

"Eh, mama! Huyu mutoto anafanana na weye! Angalia hii pua. Angalia na masikio. Ni weye kabisa!"

Watu waliendelea kunywa. Binti akanitangulia kujibu.

"Ni mama mdogo wangu," alisema kwa Kiswahili, wazi, kila mtu akasikia.

"Ah, ndiyo basi," mama yule akasema. "Damu haipotee." Akaniomba nimpitishie sukari. Nikampa.